Gemu Nyumbani: Namna ya Kucheza Bila Kuharibu Macho, Mikono, Usingizi na Amani ya Nyumba

Mzazi akiuliza mtoto wake acheze gemu kwa muda gani kwa siku, huwa anataka atajiwe namba. Kwa watoto wadogo namba ipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hafai kukalishwa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Ikipungua, ndiyo heri. Kuanzia miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 unataka muda wa skrini upunguzwe, lakini hautaji saa. Unachotaja ni dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira, chochote kinachoupandisha moyo mapigo.

Tunauona mpangilio huo kuwa sahihi. Kijana anayecheza kwa muda wa saa 2 wakati wa alasiri, akiwa amelala vizuri na ametoka uwanjani, yuko salama kuliko anayecheza dakika 50 tu kuanzia saa 7 usiku. Kwa hiyo fuatilia mambo mawili: gemu imekula muda wa kitu gani, na inakomaje. Hilo la pili ndilo husahaulika, na ndilo linaloleta ugomvi mwingi zaidi nyumbani.

Anza na daftari kwa siku 14

Kabla ya kuweka sheria yoyote, chukua daftari la kawaida la shule, chora safu 5: saa aliyoanza, saa aliyomaliza, gemu gani, alilala saa ngapi, na kilichoachwa siku hiyo. Kwenye safu ya mwisho andika vitu vinavyoonekana: hakula na wenzake, hakumaliza zoezi la hesabu, hakuoga, zamu ya vyombo ilimpita. Jaza kila siku bila kugomba. Ukigomba siku ya tatu, kuanzia siku ya nne utakuwa unaandika uongo. Kama mchezaji ni wewe mtu mzima, jiandikie mwenyewe usiku huohuo, kwa sababu kesho yake kila mtu hupunguza.

Simu za Android zina Digital Wellbeing ndani ya mipangilio. Simu iliyowekwa kwa Kiswahili huiita Nidhamu Dijitali. Inaonyesha kila programu imetumika dakika ngapi. Usiitegemee peke yake. Haioni anachocheza kwenye kibanda cha gemu, haioni simu ya binamu, na kama mtoto anachezea simu ya mama, dakika zake na za mama zinachanganyika.

Siku 14 zikitimia, soma safu ya mwisho kwanza. Kama karibu yote ni tupu, mtoto anacheza tu, mwache acheze. Kama imejaa usingizi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya usingizi hapa chini, maana usingizi ukirekebishwa hasira na alama za shule mara nyingi hutengemaa pamoja nao.

Hesabu mechi, usihesabu saa

Kibandani gemu hukoma yenyewe. Unalipia mechi, ukifungwa unamwachia mwenzako padi, nyuma yako kuna foleni, na hela ikiisha unaondoka. Nyumbani hakuna foleni. Gemu nyingi za simu hazina hata hatua ya mwisho: mechi ikiisha, kitufe cha kuanza nyingine kiko palepale chini ya kidole, na kuna zawadi ya kila siku inayomtaka mtu arudi kesho asije akaukata mfululizo wake. Zawadi nyingine hutolewa bila mpangilio. Leo hupati kitu, kesho hupati, keshokutwa unapata ya maana. Ubongo hunaswa na malipo ya namna hiyo kuliko na malipo ya uhakika, na mashine za kamari zinatumia mbinu hiyohiyo. Basi anayeshindwa kuacha si lazima awe mkaidi. Anashindana na kitu kilichoundwa kisikome, na mwisho wake inabidi muuweke nyinyi.

1. Pima mechi. Kaa naye na saa mkononi, tangu anabonyeza kuanza hadi matokeo yanapotokea. Mechi ya Free Fire ni kama dakika 10 na kidogo. PUBG Mobile kwenye ramani ya Erangel hufika 25 hadi 30 kwa anayebaki hai mpaka mwisho. Gemu ya mpira ya EA FC yenye vipindi vya dakika 6, ukijumlisha marudio ya magoli na mapumziko, ni kama robo saa.

2. Geuza muda kuwa mechi. Saa 1 ni mechi 4 za mpira, au 2 za Erangel. Mkubaliane idadi hiyo na kuibandika karibu na televisheni.

3. Toa onyo kabla ya mechi ya mwisho kuanza. "Hii ndiyo ya mwisho," naye aitikie kwa mdomo. Ukisema katikati ya mechi, masikio yamesikia lakini akili haipo. Ataitikia "ndiyo mama" na dakika kumi baadaye ataapa hukumwambia.

4. Kuwe na kitu kinachomsubiri, na kiwe cha mwili: chakula kiko mezani, maji ya kuoga yako tayari, anatumwa dukani. "Zima, ukae" humrudisha kwenye skrini ileile kwa mlango mwingine.

5. Akipitiliza mechi 1, kesho inapungua 1. Adhabu iishie hapo. Ukinyang'anya simu mwezi mzima kwa kosa la dakika 15, utakuwa umemfundisha kuficha.

Kosa linalofanywa karibu kila nyumba ni kuzima swichi ya ukutani. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi. Anayetoka anawaacha wenzake 3 wakiwa pungufu, anashushwa daraja, na gemu nyingine humfungia asiingie kwa muda. Wewe umezima televisheni. Yeye ameaibika mbele ya watu anaowaheshimu. Tena PlayStation ikikatiwa umeme wakati inahifadhi, data yake inaweza kuharibika, na hapo ugomvi wa dakika tano unakuwa hasara ya fundi.

Vidhibiti vya simu vinasaidia kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Family Link ya Google humpa akaunti yake, kikomo cha kila siku, saa za kujifunga usiku na ruhusa yako kabla ya kupakua kitu. Kwenye simu ya mzazi inayoazimwa, tumia kubandika programu: gemu inabaki peke yake kwenye skrini, na kutoka kunahitaji namba yako ya siri. Kagua pia tarehe na saa ya simu, kwa sababu watoto huisogeza mbele ili wapate zawadi za kesho leo.

Macho

Mtu aliyetulia hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, zinashuka hadi nusu au hata theluthi. Machozi yanayolilainisha jicho yanakauka, ndipo yanakuja mawasho, wekundu, ukungu na kichwa kuuma juu ya nyusi. Huo ni uchovu, na hupona kwa kupumzika. La kudumu ni kutoona mbali, ambako huongezeka kwa watoto wanaotazama karibu kwa saa nyingi na kukaa ndani mchana. Kinga inayojulikana vizuri ni mwanga wa mchana: mtoto anayekaa nje kama saa 2 kwa siku ana nafasi ndogo zaidi ya kuanza tatizo hilo. Kutoka nje kwenyewe kunatosha, hata akiwa anaranda tu.

Umbali wa simu upime kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Akunje ngumi, aiegemeze shavuni chini ya jicho, kiwiko kikielekea mbele. Pale kiwiko kinapofika ndipo simu inapoanzia; isikaribie zaidi. Kwa televisheni, zidisha ulalo wa skrini mara 2: ya inchi 32 ni kama mita 1.6, ya inchi 43 ni kama mita 2.2. Chumba kikiwa kidogo, sogeza kiti hadi ukuta wa nyuma.

Kanuni ya madaktari wa macho ni kila dakika 20 kutazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Hakuna mchezaji anayeangalia saa katikati ya mapambano, kwa hiyo ifunge kwenye mechi: kila inapopakia, macho yaende mlangoni, kwenye mti, kwenye paa la jirani, na apepese mara kumi kwa makusudi. Usiku washa taa ya chumba. Shika karatasi nyeupe kando ya skrini. Skrini ikionekana kama balbu mbele ya karatasi, punguza mwanga wake, na ikionekana ya kijivu, uongeze. Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu usiinunue kwa ajili ya uchovu wa macho. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2023 hayakuona kuwa inausaidia.

Mtoto anayefinya macho akitazama ubaoni, anayeinamisha kichwa upande mmoja au anayesogelea televisheni kila mara, mpeleke akapimwe macho. Huenda tatizo lilianza kabla ya gemu.

Kidole gumba, kifundo, shingo

Hapa tukae kidogo, kwa sababu maumivu ya mkono hudharauliwa mpaka mtu anashindwa kufungua chupa ya maji.

Tazama mikono ya mtu anayecheza gemu ya kurusha risasi kwenye simu. Vidole vidogo vinaibeba simu ya gramu 200 kwa chini, vifundo vya mikono vimekunjwa kwa ndani, gumba la kushoto linazunguka bila kupumzika na la kulia linagonga. Wenye mtindo wa kucha, wanaotumia vidole vinne, huongeza na vidole vya shahada vilivyopinda juu ya kioo kama ndoano. Kano mbili zinazoliinua gumba hupita ndani ya ala nyembamba upande wa kifundo. Zikisuguliwa maelfu ya mara, ala inavimba, kano zinabanwa, na kila ukigeuza mkono unasikia kisu.

Jipime hivi. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vinne, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Mvuto kidogo ni kawaida. Maumivu makali chini ya gumba, juu ya kifundo, ni dalili ya ala iliyovimba. Pumzisha gumba hilo wiki 2, gemu na kuandika ujumbe vyote, na weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 mara mbili tatu kwa siku. Usilikande kwa nguvu wala kulivuta ili "lilie". Unaisugua tena ala ileile. Wiki 2 zikipita bila nafuu, nenda hospitali. Kuna bandeji ngumu za kulishikilia gumba na kuna sindano, na vinafanya kazi vizuri zaidi kabla tatizo halijazeeka.

Ganzi husomwa kwa vidole. Ikiwa gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, neva inabanwa kwenye kifundo. Ikiwa ni kidole cha mwisho na cha pete, inabanwa kwenye kiwiko, na mara nyingi sababu ni kuegemea viwiko juu ya meza au magoti kwa muda mrefu. Hiyo ya kiwiko hupungua kwa kuweka mto chini ya mikono tu. Ganzi isiyoondoka, au mkono unaoanza kuangusha vitu, ni wa daktari.

Shingo nayo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5.5, na kadiri kinavyoinama ndivyo misuli ya kisogo inavyovuta zaidi kukizuia. Inua simu, usiinamishe kichwa: weka mto mapajani, viwiko juu yake, simu usawa wa kidevu. Kwa televisheni, katikati ya skrini iwe usawa wa macho au chini kidogo, na miguu iguse sakafu. Mtoto mfupi awekewe stuli. Kucheza kifudifudi kitandani ni mkao mbaya kuliko yote, kwa sababu shingo, kiuno na viwiko vinaumia kwa pamoja.

Simama kila baada ya mechi 2 au 3, utembee hata chumbani. Kukaa saa nyingi mfululizo kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kuwa la moto, au pumzi ikabana ghafla baada ya kukaa muda mrefu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu masikio: mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, kwa mtoto ni 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Milipuko ya gemu huwafanya watu wapandishe sauti ili wasikie nyayo za adui. Baki kwenye asilimia 60 ya sauti, na masikio yakivuma baada ya kucheza, jua umezidisha.

Mikono hiyohiyo hunufaika pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu madaktari 33 wa upasuaji huko New York uliona kuwa waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo. Uangalifu wa macho pia hukua kwa wanaocheza gemu za kasi; hilo liliandikwa katika jarida la Nature mwaka 2003. Hatukatazi gemu. Tunalinda viungo vinavyozicheza.

Usingizi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Piga hesabu kurudi nyuma. Mwanafunzi wa miaka 14 anayeamka saa 11 alfajiri awahi daladala lazima awe usingizini saa 3 usiku ili apate saa 8 tu. Mechi ya mwisho basi iishe saa 2 usiku. Hiyo saa 1 katikati ina kazi: mwanga wa skrini huchelewesha homoni ya usingizi, na mechi ya ushindani huacha moyo ukienda mbio na kichwa kikirudia bao alilokosa. Anayefungwa mechi ya mwisho anaweza kuchelewa kulala kuliko anayeshinda. Ndiyo sababu ya mwisho iwe nyepesi, mazoezi au dhidi ya kompyuta, isiwe ya kupanda daraja.

Jambo moja la kwetu linaharibu usingizi wa vijana wengi: bando la usiku, linalouzwa rahisi kwa kutumiwa baada ya saa 6 usiku. Kijana asiye na hela atalichagua, na huwezi kumlaumu. Kama unataka alale, mnunulie bando la mchana la mwisho wa wiki na umwambie waziwazi ni la gemu. Masasisho makubwa ya gemu yapakuliwe kwa Wi-Fi mchana, asipate sababu ya kukesha akisubiri.

Simu zilale nje ya chumba cha kulala, zikichajiwa sebuleni, na ya mzazi iwe hapohapo. Saa ya kengele ya kawaida itamwamsha. Vinywaji vya kuongeza nguvu vikome mchana, na watoto wasinywe kabisa: kopo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini miligramu 80, na baada ya saa 5 hivi nusu yake bado inazunguka mwilini.

Sheria ya serikali haijawahi kuifanya kazi hii badala ya nyumba. Mwaka 2011 Korea Kusini ilizuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wachezaji walihamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzigusa, na mwaka 2022 ulipoanza sheria ilikuwa imefutwa.

Hasira, ugomvi na gemu za vita

Je, gemu za kuua hufanya watoto wauaji? Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15. Hawakuona uhusiano kati ya muda wa kucheza gemu za vita na ukorofi ulioripotiwa na walezi wao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuziunganisha gemu hizo na uhalifu wa kutumia nguvu, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana.

Kufoka ndiko utakakokuona sebuleni. Hutokana zaidi na kufungwa, njaa, usingizi na matusi ya wenzake kwenye maiki kuliko na damu ya kwenye skrini; gemu ya mpira, ambayo lebo yake ya umri ya Ulaya ni ya miaka 3, huvunja padi nyingi tu. Weka sheria ya vipigo viwili: akifungwa mechi 2 mfululizo, padi chini kwa dakika 10, maji ya kunywa, uso unawishwe. Anayeendelea akiwa na hasira hucheza vibaya, anafungwa tena, na shimo linazidi kuchimbika. Mchezaji mzuri atakuelewa ukimweleza hivyo kuliko ukimhubiria adabu.

Soma lebo ya umri kabla ya kununua. Za Ulaya ni 3, 7, 12, 16 na 18. Grand Theft Auto V ni ya 18, na bado utaikuta vibandani ikichezwa na watoto wa darasa la nne. Mwenye kibanda muulize mambo matatu: anaweka gemu gani saa za watoto, anaruhusu wakati wa shule, na je, watu huwekeana dau. Jibu la dau likiwa ndiyo, hapo ni mahali pa kamari, tafuta pengine. Kwenye simu, zima maongezi ya sauti na watu asiowajua. Mtoto acheze na walio kwenye orodha ya marafiki unaowajua kwa majina na nyumba zao.

Pesa

Almasi na sarafu (fedha za ndani ya gemu), ngozi za bunduki (mapambo yake) na masanduku ya bahati ndiyo njia ambayo gemu za bure hulipwa. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa katika baadhi ya gemu ni kamari haramu, kwa sababu mnunuzi hajui atapata nini. Nyumbani fanya hivi: kwenye Play Store washa uthibitisho wa kila ununuzi, ondoa kadi ya benki kwenye akaunti, usimtume mtoto atoe hela kwa namba yako ya siri ya M-Pesa, na kama anaijua, ibadilishe leo. Mpe kiasi cha mwezi kilichowekwa, kiishe kikiisha. Anayeuza almasi rahisi kupitia WhatsApp na kuomba nywila ya akaunti ataichukua akaunti yenyewe.

Skrini inapomwekamweka

Watu wachache wana kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumweka, na wengi hawajui hadi siku ya kwanza. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni moja ya televisheni yenye mimweko ya nyekundu na bluu ilisababisha watoto 685 kukimbizwa hospitali. Kinga ni taa kuwashwa, kukaa mbali na skrini na kutocheza ukiwa na usingizi. Anayejua ana hali hii, mimweko ikianza, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka. Kufumba yote mawili hakutoshi, mwanga hupenya kope.

Mtu akianguka na kukakamaa: zima skrini, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimzuie kwa nguvu, na usiogope povu lake, haliambukizi. Dakika 5 zikipita, au kikianza kingine kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Kikiwa cha kwanza, aende hata kama kimeisha haraka.

Gemu inapokuwa ugonjwa

Ugonjwa wa gemu umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili ni tatu na zote ziwepo: ameshindwa kudhibiti lini aanze na lini aache; gemu imepita mbele ya kila kitu kingine; na anaendelea hata pale inapomharibia shule, kazi, afya au ndugu. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, ingawa ikiwa kali sana daktari hasubiri. Kupenda gemu sana, hata kuizungumzia kutwa, hakutoshi kuitwa ugonjwa.

Usivunje simu. Ukimkata ghafla kijana aliyezama, utapata siku kadhaa za ukali na kukosa usingizi, kisha atatafuta simu nyingine. Punguza mechi 1 kila baada ya siku 3, ukianza na za usiku, na kila inayoondoka ijazwe na kitu chenye watu: timu ya mtaa, kwaya, madrasa, karakana ya mjomba. Wakati huohuo tafuta anachokikimbia. Mara nyingi nyuma ya gemu kuna sonona, uonevu shuleni, msiba ambao haukuzungumzwa, au akili isiyotulia tangu utotoni, na hicho kikiachwa gemu itarudi.

Akitaja kujiua, akigoma kula au kwenda shule kwa wiki nzima, au akipigana na anayegusa simu yake, usisubiri ratiba hii. Namba 116 ya watoto hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Idara ya afya ya akili Muhimbili, Hospitali ya Mirembe Dodoma na Mathari jijini Nairobi hupokea wagonjwa wa aina hii, na hospitali ya mkoa au kaunti inaweza kukuandikia rufaa. Tiba ni ya mazungumzo, ya wiki kadhaa, na mzazi huitwa pia. Nenda na lile daftari la siku 14: daktari atauliza analala saa ngapi, ameacha nini na tangu lini, na majibu yatakuwa yameshaandikwa.